Mwaka Tuliosindikizana kwa Redio

Restituta alikaa kwangu wiki nzima ya send-off ya binti yangu Kristina, na siku ya kuondoka tulianza kuagana tukiwa bado tunakunywa chai. Tuliagana mezani, tukaagana mlangoni, nikambebea mfuko wake wa maharage mpaka getini, tukaagana pale, halafu tukaona barabara yenyewe si mbali, tukaenda wote mpaka kwenye lami, ambako kijana wa bodaboda alikuwa ameshazima pikipiki na kuanza kula karanga. Wanangu walikuwa dirishani wanatucheka. Kristina, ambaye akimaliza la kwake kwenye simu anakata kabla hujamwambia Tumsifu Yesu Kristo, aliniuliza niliporudi tulikuwa tunaongea nini muda wote ule. Nikamwambia hatukuwa tunaongea kitu, tulikuwa tunaagana. Akasema kumbe kuagana ni kazi. Nikamwambia mwanangu, kuna mwaka ilikuwa kazi kweli, nusura kuagana kumtoe huyu mama kule Kaoze alikokuwa nesi. Hakuwa na muda wa kusikiliza, bibi harusi ana mambo yake, wala sikumlaumu. Lakini nilivyoanza kukumbuka sikuweza kuacha, kwa hiyo naandika.

Mwaka huo nilikuwa na miaka kumi na tisa, nafanya kazi jikoni misheni, pale Sumbawanga mjini, na jioni nasoma. Madarasa ya jioni yalikuwa kwenye ukumbi wa parokia. Tulikaa watu wazima kwenye madawati ya watoto wa chekechea, magoti yanagusa kidevu, kila mtu masweta mawili, maana Julai ya Ufipa haina huruma na mtu. Jirani yangu wa dawati alikuwa Bi Zuhura wa duka la vitambaa, aliyekuja na chupa ya chai ya tangawizi akatumiminia darasa zima, Waislamu na Wakristo, akisema akili haiingii kwenye kichwa chenye baridi. Mwalimu wetu wa hesabu na wa taipu alikuwa Bruda Anselmi. Bruda alikuwa Mngoni wa Songea, fundi wa kila kitu pale misheni, jenereta, pampu, kinanda cha kanisani, na alikuwa na ugonjwa mmoja tu, redio. Alikuwa na leseni ya redio ya ridhaa, yaani wale watu wanaoongea na dunia nzima hewani kwa mapenzi tu, hawalipwi wala hawauzi. Alitufundisha taipu vizuri sana kwa mdomo, lakini mwenyewe alipiga kwa vidole viwili, kama kuku anayedonoa. Mimi nilipiga kwa vidole vyote kumi. Ndiyo sababu akaniomba kwa Sista mkuu wa jiko: baada ya kuosha vyombo vya asubuhi, Skola aje chumba cha redio.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya maharage. Magunia walikuwa wameyahamisha lakini harufu ilibaki, pamoja na ile dawa ya wadudu, na mpaka leo nikifungua gunia la maharage sokoni nasikia kama redio inataka kulia. Kulikuwa na meza ya mninga, kiti kimoja kizima na kimoja cha kuegemeza ukutani, msalaba, picha ya Mama Maria, na dirisha linalotazama mikaratusi miwili. Kati ya mikaratusi hiyo Bruda alikuwa amefunga waya mrefu, ndiyo antena. Juu ya meza palikuwa na redio, kompyuta nzito yenye kioo cheusi na herufi za kijani, na katikati yao kiboksi kidogo chenye taa tatu. Mimi niliona kompyuta kwa mara ya kwanza siku hiyo. Nilipiga ishara ya msalaba kabla ya kukaa, na Bruda hakucheka, na yeye alipiga.

Kazi ilikuwa hii. Zahanati ya misheni kule Kaoze, chini bondeni upande wa Ziwa Rukwa, ilikuwa na redio ya kuongea kwa mdomo. Nesi akitaka kuuliza jambo la mgonjwa alilazimika kupiga kelele, na kila mwenye redio alisikia, madereva wa malori wanaoelekea mpakani Kasesya, maparoko, hata sisi jikoni, kwa sababu spika ilikuwa ukutani karibu na jiko la mkaa. Mtu wa Kaoze akipata kisonono, wapishi wa Sumbawanga walijua kabla ya mke wake. Halafu mvua ikinyesha redio ile ilikuwa inakoroma tu, husikii jina la dawa wala kipimo. Bruda alisoma kwenye magazeti yake kwamba wenzake wa redio za ridhaa siku hizi wanaandikiana. Unaandika kwenye kompyuta, kiboksi kinakata maneno yako vipande vipande na kuvigeuza mlio, redio inautupa mlio hewani. Kiboksi cha upande wa pili kikipata kipande kinajibu nimepata, kisipopata, kinarudishiwa mpaka kipate. Nikamuuliza kwa hiyo ni siri? Akasema hapana, redio ya ridhaa haina siri, mwenye mashine kama hii atasoma. "Ila Rukwa nzima," akasema, "mwenye mashine kama hii ni mimi."

Juni na Julai zote tulihangaika na ile programu. Ilikuja kwenye flopi mbili kutoka kwa rafiki yake wa Dar es Salaam. Kazi yake ilikuwa ndogo ukiielewa: kuifanya kompyuta iwe dirisha tu la kuongea na kile kiboksi. Lakini ilitaka uiambie kila kitu, kiboksi kimechomekwa tundu lipi, kinaongea kwa kasi gani, herufi za leseni yako ni zipi, ukibonyeza kitufe hiki cha juu itume maneno gani. Bruda alinisomea, mimi nikaandika. Siku ya kwanza tulipoiwasha kioo kilijaa vidudu, mistari na nyota na herufi ambazo hazipo duniani. Nikarudisha kiti nyuma. Bruda akachungulia, akajikuna kichwa, akasema hawa wawili hawaongei kwa kasi moja. "Kompyuta ni Mngoni, kiboksi ni Mfipa. Mmoja ameshamaliza vita, mwenzake bado anasalimia." Utani wa Wangoni na sisi ni wa zamani, nikamjibu hapo hapo kwamba bora sisi tunaosalimia, kuliko babu zake waliopita hapa Ufipa wakala ng'ombe wetu wakaondoka bila kuaga. Alicheka mpaka akavua miwani. Tukateremsha kasi ya kompyuta, tukazima, tukawasha, na vidudu vikaondoka. Kikabaki kistari kimoja cha kijani kinapepesa, kinasubiri. Sijui niwaelezeje furaha ya kile kistari. Nilirudi jikoni nikatia chumvi kwenye ugali wa mapadre, nikaambiwa ugali hauna chumvi siku zote, wewe Skola vipi leo.

Restituta ndiye aliyekuwa anapelekwa Kaoze. Alikuwa nesi mpya, binti wa kutoka Msanzi, amenizidi miaka mitatu, mwembamba, sauti ya chini, ukimwambia jambo anakwambia sawa halafu anafanya alivyotaka. Alikaa Sumbawanga muda wa kujifunza mashine na kupata kibali chake, tukalala chumba kimoja, na kila jioni tulikula pamoja kibanda cha jiko, ugali wa ulezi na maharage yaliyoungwa karanga, mikono yetu ikipashwa moto na sufuria. Alinieleza kwamba mama yake mdogo alifariki kwa uzazi, kwenye kijiji ambacho hakikuwa na mtu wa kumshika mkono. Hakulia aliponieleza. Alisema tu kwamba amemwomba Mungu ampeleke mahali ambapo wengine hawataki kwenda, na Mungu amemjibu upesi kuliko alivyotegemea.

Lakini Padre Deodatusi, msimamizi wa zahanati zote za misheni, alikuwa na sharti. Masika ya nyuma nesi aliyekuwepo Kaoze aliugua vibaya, mto ukajaa, barabara ikakatika, na huku juu hatukujua chochote mpaka mchunga ng'ombe mmoja wa Kisukuma alipopanda mlima kwa miguu kuleta habari. Yule nesi alipona, ila Padre hakusahau. Nilimsikia mwenyewe, nimeshika birika la chai mlangoni mwa chumba cha chakula, akimwambia Bruda: mvua za kwanza zikikuta mawasiliano hayajatulia, atamtoa Restituta, na zahanati itafungwa mpaka kiangazi. Bruda akauliza, na wajawazito wa kule? Padre akasema wajawazito watabebwa kwa machela kupanda mlima, kama zamani. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu anayemeza dawa chungu. Niliporudi jikoni nilimweleza Restituta, akasema sawa.

Agosti akateremka na kompyuta ndogo ya kukunja, kiboksi chake, redio, paneli ya sola na betri ya gari. Siku iliyopangwa, saa nne asubuhi, Bruda na mimi tulisali Salamu Maria tatu, nikaandika amri ya kuita Kaoze. Taa zikapepesa, redio ikalia kama chenene aliyebanwa na mlango, kimya, ikalia tena. Halafu kioo kikasema tumeungwa. Na chini yake, herufi moja moja, kama mtu anayetembea na fimbo, yakaja maneno: Tumsifu Yesu Kristo, Skola, umeamkaje, na wa huko nyumbani wameamkaje, na Sista wa jiko je, mgongo wake? Bruda alikuwa anarukaruka nyuma yangu kama mtoto, anasema muulize nguvu ya mlio, muulize taa ya pili inawaka? Nikamwambia Bruda subiri, bado tunasalimiana. Tulisalimiana, tukauliza habari za mashamba, na za mvua ambayo wote tulijua haijafika, ndipo nikauliza habari ya taa ya pili.

Nyumbani kwetu Ufipa mgeni hanyanyuki tu akaondoka. Mgeni ndiye anayeomba njia, na mwenyeji ndiye anayempa, tena anatoka naye, anamsindikiza hata kama ni mpaka kwenye mti wa kwanza. Mgeni akichomoka bila kusindikizwa, wenye nyumba watakaa wiki nzima wanajiuliza walimkosea nini. Na mwenyeji akifunga mlango mgeni akiwa bado uani, huyo ametukana. Haya hakuna anayekufundisha, unakua nayo. Sasa siku ile ya kwanza, tulipomaliza, nilifanya Bruda alivyonifundisha, nikapiga amri ya kukata, kioo kikaandika kimekata, basi. Kesho yake Restituta hakuuliza mgongo wa Sista. Alijibu mambo ya dawa tu, kavu, na mwisho akaandika: "Jana uliondoka kama mtu aliyeona nyoka. Nimekukosea nini?" Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nikamwomba radhi, nikamweleza ni mashine, na tangu siku hiyo sikuigusa tena amri ile. Tukimaliza niliandika haya dada, naomba njia, yeye akaandika haya mdogo wangu, karibu tena, nami nikainuka nikaenda kumenya viazi nikiwa na amani. Nilijua yeye ndiye mwenyeji, atafunga mwenyewe akisharidhika kwamba nimefika mbali.

Septemba ilikuwa nzuri hivyo hivyo, jua kali, kila kitu kinaitika. Oktoba mawingu yakaanza kujikusanya ukingoni mwa mlima, na Kaoze ikaanza kufa. Tunaita, kimya. Redio inalia mpaka inachoka yenyewe. Siku mbili tatu kimya, halafu anapita mtu na barua ya Restituta: betri imeisha, asubuhi naikuta imeisha kabisa. Dereva wa misheni, mzee Kapele, akawa anateremsha betri iliyochajiwa na kupandisha iliyokufa, milima ile yote ya mawe, na alilalamika jikoni kwamba betri hii sasa imepanda Landrova kuliko Askofu. Bruda alibadilisha nyaya. Akasema labda vumbi kwenye paneli, Restituta akawa anaifuta kila asubuhi kwa kitenge. Akasema labda panya. Wafipa wote jikoni wakasema kama ni panya, Bruda ateremke mwenyewe, Mngoni akinusa panya hakosi. Alicheka lakini si kama zamani. Aliingiza programu upya kutoka kwenye flopi, akabadilisha muda wa kusubiri kati ya kipande na kipande, akaandika barua kwa rafiki yake wa Dar. Mimi nilikuwa na rozari mfukoni mwa aproni, nasali novena nikikoroga uji. Padre Deodatusi alipita dirishani siku moja akatazama mikaratusi, akatazama mawingu, akaenda zake. Hilo ndilo lililonitisha.

Ikaamuliwa niteremke na mzee Kapele, nikae Kaoze siku chache, nione kwa macho yangu anavyoitumia mashine, na Bruda aite kutoka juu. Niliwahi kusikia joto la bondeni lakini sikuwahi kulivaa. Tuliondoka Sumbawanga na sweta, kwenye kona za mlima nikavua moja, chini nikavua la pili, na tulipofika zahanati nilitamani kuvua ngozi. Restituta alitoka mbio, akachuchumaa, nami nikachuchumaa, tukapigiana makofi ya salamu taratibu kama tulivyofundishwa utotoni, tukaulizana nyumba zote mbili mtu kwa mtu, na mzee Kapele akashusha betri peke yake akinung'unika. Tulikula perege wa ziwani na ugali, na maziwa mgando aliyoletewa na mama mmoja wa Kisukuma ambaye mtoto wake alikuwa amelazwa chumba cha pili. Nyumba ya Restituta ilikuwa chumba kimoja na ukumbi, dirisha la mbao, kitanda kimefungwa chandarua, na mezani ile kompyuta ndogo imefunikwa kitambaa alichodarizi mwenyewe maua mekundu. Mbele yake palikuwa na kigoda kitupu.

Kesho yake saa nne Bruda akaita. Aliandika kwa vidole vyake viwili, makosa mengi, tukamcheka, Restituta akamjibu. Mwisho Bruda akaandika haya kwaherini, na kama kawaida yake kwenye ufundi, alikuwa ameshanyanyuka kwenda kwenye pampu, hakugusa kitu. Restituta akaandika karibu tena Bruda. Akainuka, akaenda kupima wajawazito. Mashine akaiacha wazi, taa zinapepesa, kitambaa kimekunjwa pembeni. Nikaosha vyombo. Nikachota maji. Nikasaidia kupima uzito wa watoto, wanalia kwa zamu kama wamepangwa. Saa tisa naingia ndani, mashine bado inawaka. Jioni anaingia Restituta, anaipita kwa adabu, anawasha kibatari, anaanza kuchambua mchele. Nikamuuliza, dada, hii huzimi?

Alinitazama kama nimemwambia amfukuze mkwe. "Nizime vipi na Bruda hajaondoka?"

"Si aliaga?"

"Aliaga, ndiyo, lakini yuko bado. Tazama, imeandika tumeungwa. Mgeni ndiye anayetoka, Skola. Nikifunga mimi si ni kumfungia nje?"

"Kwa hiyo mimi nikikuita kila siku, unakaa hivi hivi?"

"Nakaa. Wewe unachelewa kuondoka, jamani. Siku nyingine mpaka asubuhi. Nikasema labda ana shida hataki kusema."

Nilikaa kwenye kile kigoda. Nikamwambia, dada, mimi nilikuwa nasubiri wewe unisindikize. Tukatazamana. Kule juu kompyuta ilikula umeme wa misheni, na jioni Bruda alizima kila kitu kwa mkono mmoja akifunga chumba, bila amri ya kukata, kwa hiyo hakuna aliyeona. Huku chini, mashine ilikesha kwenye betri ya gari, kutwa na usiku, taa zote zimewaka, inamlinda mgeni ambaye alishaondoka zamani akamenye viazi. Jua la kiangazi lilikuwa linatosha kufidia, mawingu yalipokuja halikutosha tena. Restituta ndiye aliyeanza kucheka. Alicheka kwa ile sauti yake ya chini, akamwaga mchele, na mimi nikashika mbavu, mpaka yule mama wa Kisukuma akaja mlangoni na mtoto mgongoni kuuliza kuna nini. Tulipomweleza alituhurumia sana. Alisema kwao mtu akitaka kwenda anakwenda.

Niliporudi Sumbawanga nilimweleza Bruda nikiwa bado na vumbi la safari. Alinisikiliza, mkono umeshika bisibisi, halafu akaiweka chini, akainama juu ya meza, na nilidhani amekasirika, kumbe mabega yanatikisika. Alisema amebadilisha nyaya, amefuta paneli, ameandikia Dar es Salaam, na kumbe betri imeliwa na adabu. Akasema basi dawa ni rahisi, atawaandikia Kaoze kwamba anayeita ndiye anayekata, mara moja, bila maneno. Nikamwambia Bruda, ukiandika hivyo Restituta atasema sawa. Alikuwa anamjua. Akavuta kiti kile kibovu, akasema haya, nifundishe kwenu wanaagana vipi.

Mchana ule wote tulikuwa tunaweka vitufe. Programu ilikuwa na nafasi ya kuhifadhi maneno kwenye vile vitufe vya juu, lakini nafasi yenyewe ilikuwa fupi, na mimi nilitaka kuaga kwetu kuingie kote. Nilianza na kuwashukuru wenyeji kwa chakula, Bruda akasema hakuna chakula. Nikataka kuwasalimia wazee wa nyumba, Bruda akasema wazee wasalimiwe mwanzoni. Tulibishana kama wanunuzi wa mbuzi. Mwisho kitufe cha mgeni kikawa kinasema: Naomba njia, Mungu awalinde. Kitufe cha mwenyeji kinajibu: Njia unayo, nimekusindikiza, nenda salama. Na mashine ya mgeni, ikishapata maneno ya kusindikizwa, ndipo yenyewe inakata, na mwenyeji anazima yake. Bruda aliijaribu peke yake, akatazama kioo kinavyokata, akasema laiti babu zake wangekuwa na kitufe hiki. Flopi ya Kaoze ilipelekwa na mzee Kapele, pamoja na maelezo niliyoandika mimi. Nikangoja saa nne ya siku ya pili nikiwa sili. Nikamwita, tukaongea, nikabonyeza. Ikaja: njia unayo, nimekusindikiza, nenda salama. Kioo kikakata, na kwa mara ya kwanza moyo wangu haukustuka. Kesho yake alikuwepo. Kesho kutwa alikuwepo. Mawingu yalikuwa yamefunika na betri ilikuwa hai.

Najua kuna watu leo watasema tulikuwa washamba. Mimi nimeshatumia simu za kila aina, nina kikundi cha Wanawake Wakatoliki na kikundi cha vikoba, na watu wanaingia na kutoka humo kama nzi. Siwalaumu. Lakini nikikumbuka mwaka ule naona mashine haikuja kutubadilisha upesi kama wanavyosema. Ilikuja ikakaa mlangoni, ikasubiri tuiambie desturi za nyumba. Na niliyejifunza kuiambia ni mimi, msichana wa jikoni mwenye darasa la jioni, na Mungu anajua nilivyotembea wima mwaka ule kutoka stoo ya maharage mpaka jikoni. Mtihani wa kidato cha pili nilifanya nikafaulu. Bi Zuhura alinifungia kitambaa cha gauni kwenye gazeti, akasema akili imeingia.

Asubuhi moja ya Novemba upepo ulibadilika. Tulikuwa tumemaliza sala ya Malaika wa Bwana ya asubuhi na nilikuwa nakata mkate, nikasikia Landrova inanguruma uani na haiondoki. Nikachungulia. Mzee Kapele alikuwa kwenye usukani, kamba na koleo nyuma, na Padre Deodatusi anakuja moja kwa moja chumba cha redio amevaa koti la mvua. Nikaacha mkate. Bruda alikuwa ameshafika. Padre akasema ukingo mzima wa mlima ni mweusi, kama ni kumtoa binti yule ni leo, kesho gari halitapita. Bruda akasema mashine inafanya kazi, Padre. Padre akasema amesikia hivyo tangu Julai, anataka kuona. Haikuwa saa nne. Nikasema moyoni Mama Maria, awe amewasha mashine. Nikaita. Redio ikalia, kimya. Ikalia tena. Ikaungwa.

Padre akasema niinuke, ataandika mwenyewe. Alikaa, akavuta miwani, na mzee yule mwenye haraka, ambaye gari lake lilikuwa linaunguza mafuta uani, akaanza: Tumsifu Yesu Kristo mwanangu, umeamkaje, na wagonjwa wameamkaje, na wenyeji wako wa Kaoze. Bruda alinitazama, nami nikaangalia dari. Walisalimiana mpaka mwisho. Ndipo Padre akaandika kwamba mvua inakuja, gari liko tayari, je, anapanda au anabaki. Taa zilipepesa muda mrefu. Maneno yalikuja kwa mwendo wake ule ule wa fimbo: "Baba, huku imeshanyesha tangu alfajiri. Nina wanawake wanne wa mwezi huu. Dawa ninazo, betri ninayo, na nyie ninao. Naomba nibaki."

 Padre alisoma tena, midomo ikitembea. Nje ngurumo ilipita mbali, na tone la kwanza likagonga bati, halafu la pili. Akageuka akaniuliza kwa sauti ndogo, sasa mtu anaondokaje humu? Nikamwonyesha kitufe. Akabonyeza, na baada ya kidogo likaja jibu la mwenyeji. Alilisoma mpaka neno la mwisho, akangoja mpaka kioo kilipokata chenyewe, akavua miwani, akaifuta kwa pindo la koti.

"Skola," akasema, "mwambie Kapele azime gari."

Nilitoka mbio kwenye mvua, bila sweta, sikuona baridi.